Pumba za nafaka: uliza kwanza namba imetoka wapi

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Muheza, mkoani Tanga, na ni katibu wa kikundi chetu. Tunafikiria kukodi ghala ili tununue pumba zinapokuwa nyingi na kuzitumia kiangazi. Nimepakua takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuanzia 1961, nikachora chati ya uzalishaji wa pumba za nafaka kwa nchi na kwa kanda. China imepanda mno. Ulaya Mashariki inashuka ghafla 1992, na Asia ya Kati haionekani kabisa kabla ya mwaka huo. Afrika Mashariki inapanda taratibu. Nikijumlisha mahindi, mpunga na ngano, kwa hesabu yangu Tanzania tuko juu ya Kenya. Sasa wenzangu wananiuliza: kama tunawazidi, mbona pumba zetu zinavuka mpaka wa Horohoro kwenda kwao na sisi tunanunua ghali? Chati kama hii inategemewa?"

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeiangalia chati yako, na kuchora umechora vizuri. Tatizo liko kwenye namba ulizozichora. Mahindi, mpunga na ngano hukadiriwa mashambani kwa kazi kubwa: maofisa hupima vipande vya shamba, huuliza kaya, hujumlisha wilaya kwa wilaya. Pumba, katika nchi nyingi, hakuna anayezipima. Hukokotolewa. Mtu wa takwimu huchukua nafaka inayodhaniwa kuwa ilisagwa au kukobolewa mwaka ule, huizidisha kwa kiwango fulani, na jibu ndilo linaloandikwa kwenye safu ya uzalishaji. Kwa hiyo ukiziweka nchi mbili bega kwa bega, mara nyingi unalinganisha mavuno yao kwa mara ya pili, safari hii yakiwa yamezidishwa kwa namba ambayo hukuonyeshwa.

Sisemi uzitupe. Nakwambia uzijue zilivyo kabla ya kuweka fedha za wanakikundi juu yake, na ndiyo maana nitajibu kwa urefu.

Chukua ngano kwanza, maana ndiyo iliyo wazi zaidi. Ganda la ngano kwa asili ni kama asilimia 14 au 15 ya punje, lakini hakuna kinu kinachoweza kulitenga bila kuchukua na sehemu ya unga. Kinu cha kisasa kinachotoa unga mweupe hupata kilo 75 hadi 78 za unga kwa kila kilo 100 za ngano. Zinazobaki hutoka kama pumba, nene na laini pamoja. Sasa tuseme nchi imeamua unga wake uwe kilo 75 badala ya 85. Pumba zimetoka kilo 15 zikawa 25. Zimeongezeka kwa theluthi mbili, na hakuna punje hata moja iliyoongezeka shambani. Mtu akiona mstari huo kwenye chati atasema kilimo cha nchi ile kimechanua.

Mambo haya yametokea kweli. Mwaka 1942, Uingereza ikiwa vitani na meli zake zikizamishwa baharini, serikali iliondoa mkate mweupe na kuamuru unga wa asilimia 85 ili ngano iliyopo ilishe watu wengi zaidi. Pumba zilizokuwa zikienda kwa mifugo zikaingia kwenye mkate. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano, Misri ilipandisha kiwango cha unga wa mkate wa ruzuku kutoka asilimia 82 hadi 87.5. Piga hesabu: pumba za mkate huo zimeshuka kutoka kilo 18 hadi 12.5 kwa kila kilo 100, karibu theluthi moja, kwa ngano ileile. Mfugaji wa nyati kule Delta ya Nile alilisikia jambo hilo kwenye bei. Lakini anayekokotoa pumba za Misri kwa kiwango kimoja cha miaka yote hataliona.

Kwetu jambo ni gumu zaidi kwa sababu chakula chetu ni mahindi, na mahindi tunayasaga kwa namna mbili zisizofanana kabisa. Simama kwenye mashine yoyote pale Pongwe au Ngamiani jioni uangalie. Anakuja mama na debe lake la mahindi. Fundi anamuuliza: dona au sembe? Akisema dona, mahindi yanaingia moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga, yanatoka unga, na hapatikani pumba hata ya kujaza kopo. Akisema sembe, yanapita kwanza kwenye mashine ya kukoboa. Fundi anabana mlango wa kutokea, punje zinasuguana mle ndani, na chini yake pumba zinatiririka kwenye kiroba zikiwa bado na joto. Zichote kiganjani. Utaona vipande vya ganda jembamba linalong'aa. Utaona viini vya njano vyenye mafuta. Ukivifinya vinaacha alama kwenye kidole. Na utaona unga mweupe mwingi ambao ulipaswa kwenda ugalini. Kadiri mlango unavyobanwa ili sembe iwe nyeupe zaidi, ndivyo ule mweupe unavyozidi kuingia kwenye pumba.

Ganda peke yake ni asilimia 5 au 6 ya punje ya mahindi, na kiini ni kama 10 hadi 12. Lakini kwa mashine zetu, kilo 100 za mahindi zinaweza kukuachia kilo 20 za pumba, na mahali pengine zikakaribia 30. Kwa hiyo gunia lilelile la Handeni linaweza kutoa pumba sifuri au likatoa robo nzima ya uzito wake, kutegemea jibu la mama mmoja kwa swali la fundi. Hakuna ofisi yoyote inayoandika majibu hayo. Pumba mara nyingi hubaki kwa mwenye mashine, naye huziuza kwa watu kama nyinyi, fedha mkononi, pasipo stakabadhi. Namba ya taifa inayodai kuzijua imebidi idhanie ni sehemu gani ya Watanzania wanakula sembe.

Zamani haikuwa hivi moja kwa moja. Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo kila mtu aliliita NMC, lilianzishwa 1968 na kwa miaka mingi ndilo lililosagia miji. Vinu vyake vilikuwa na vitabu, na kwenye vitabu hivyo pumba zilikuwa na mahali pake. Ruzuku ya sembe iliondolewa 1984, biashara ya nafaka ikafunguliwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata, na kazi ya kusaga ikahamia kwenye mashine za watu binafsi, kila mtaa na kila kijiji. Kwa mla ugali yalikuwa mabadiliko makubwa. Kwa mtu wa takwimu yalikuwa makubwa vilevile, maana kumbukumbu zilitawanyika. Mstari wa Tanzania unaoonekana mmoja tangu 1961 hadi leo unapita juu ya ufa huo bila kuuonyesha.

Angalia pia miaka ya njaa. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 nchi iliagiza mahindi kwa wingi kutoka nje, yale ya njano ambayo wazee wanaukumbuka unga wake kama unga wa Yanga. Mavuno yalianguka, lakini mahindi yaliyoletwa kwa meli yakisagwa hapa yanaacha pumba hapa. Anayekokotoa pumba kutokana na mavuno ya shamba pekee atakosea kwa kupunguza mwaka wa njaa, na atakosea kwa kuzidisha mwaka ambao sehemu ya mavuno iliuzwa nje ikiwa nzima.

Hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo chati nyingi hulificha: pumba huzaliwa kinuni, hazizaliwi shambani. Tanzania hulima ngano kidogo, hasa kule Hanang na nyanda za juu, na huagiza sehemu kubwa sana ya ngano inayoliwa. Pumba za ngano unazozinunua Muheza zimetokana na ngano ambayo huenda ilivunwa Urusi na kusagwa Dar es Salaam. Indonesia hailimi ngano ya kuhesabika, lakini huagiza tani zaidi ya milioni 10 kwa mwaka, huzisaga kwenye miji yake ya bandari, na ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pumba za ngano duniani. Uturuki hulima ngano na pia huinunua kwa wingi kutoka nje, kisha huuza unga kwa majirani kama Iraki. Unga umeondoka, pumba zimebaki Uturuki kwa ng'ombe wa Kituruki. Nchi inayonunua unga badala ya ngano imenunua mkate tu. Malisho yameachwa kwa muuzaji. Kwa mfugaji, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mavuno.

Na ziko nchi zinazokula nafaka nyingi bila kuacha pumba kwa kadiri ile. India hula ngano nyingi kama unga wa chapati unaosagwa karibu na punje nzima, tena kwenye vinu vidogo vya mtaani. Ethiopia husaga teff, nafaka yao ya asili, ikiwa nzima, kwa sababu punje yake ni ndogo mno kukobolewa. Mexico huchemsha mahindi na chokaa kabla ya kuyasaga, na sehemu kubwa ya ganda huyeyuka na kumwagwa na maji. Marekani ndiyo mzalishaji mkubwa wa mahindi duniani, lakini zaidi ya theluthi moja ya mahindi yake huingia kwenye viwanda vya ethanoli, yaani mafuta ya magari, na kinachobaki kule ni machicha, ambayo kwenye takwimu yana jina na safu yake. Ukimzidishia kila mmoja wa hawa kwa kiwango kimoja, utapata orodha nzuri ya kutazama isiyomfaa mfugaji yeyote.

Mpunga nao una mtego wake, na hapa napenda uwe makini kwa sababu ndizo pumba mtakazoziona nyingi kutoka Mombo na Korogwe. Kilo 100 za mpunga zikipita kwenye mashine nzuri yenye mipira ya kumenyea, hutoa takriban kilo 20 za maganda, kilo 8 hadi 10 za pumba halisi, na kilo 65 hadi 70 za mchele. Maganda yanatoka upande wake, pumba upande wake. Lakini mashine za zamani za chuma, zile za kupita mara moja, husaga ganda na pumba pamoja, na kinachotoka ni rundo moja la kilo 30 na zaidi ambalo sote tunaliita pumba. Nchi moja ikiandika 8 na nyingine ikaandika 35, ya pili itaonekana tajiri wa malisho mara nne, kumbe imehesabu maganda ambayo yamejaa silika, madini yaleyale ya mchanga, na hayamfai ng'ombe kitu.

Hili unaweza kulipima mwenyewe mbele ya muuzaji. Chukua ndoo ya maji safi, mwaga kiganja cha pumba za mpunga, koroga kidogo, kisha subiri. Maganda huelea juu kama vipande vya mkeka uliochakaa. Pumba halisi hulowa na kuzama, na maji huwa meupe. Ukiona nusu ya kiganja chako iko juu, umenunua maganda kwa bei ya pumba. Protini nayo inafuata mkondo huo: pumba safi za mpunga huwa na asilimia 12 hadi 14, za ngano hufika 15 na zaidi, za mahindi ni kama 10 au 11, lakini mchanganyiko wa mashine ya kupita mara moja unaweza kushuka hadi 6. Tani kwa tani hazilingani. Mtu anayejumlisha pumba zote za nafaka kuwa namba moja amejumlisha vyakula vinne tofauti.

Katika mpunga, namba ninazoziamini zaidi ni za nchi zenye viwanda vya mafuta ya pumba, India na Japani zikiwemo. Pumba za mpunga zina mafuta asilimia 15 hadi 20, na mara tu zinapotoka kwenye punje kimeng'enya chake huanza kuyaharibu. Kiwanda kinapaswa kuzipata haraka na kuzipasha joto, kwa hiyo hununua kwa mizani, kila siku, kwa karatasi. Palipo na mnunuzi wa aina hiyo, pumba zimepimwa kweli. Makapi yanayobaki baada ya kukamua nayo hulishwa mifugo, na ni bidhaa inayoangaliwa kwa jicho kali: Julai 2023 India ilizuia kuuzwa kwake nje, kwa ajili ya kutuliza bei ya chakula cha mifugo na maziwa ndani ya nchi.

Sasa, utajuaje kama namba iliyo mbele yako imepimwa au imekokotolewa? Iko njia rahisi, na ningependa uifanye leo. Chukua pumba za mahindi za nchi moja, zigawe kwa mahindi yaliyosagwa nchini humo mwaka uleule, au kwa mavuno kama huna namba ya yaliyosagwa. Fanya hivyo kwa kila mwaka. Kama jibu ni lilelile mwaka baada ya mwaka, tuseme 0.2 kwa miaka thelathini mfululizo, basi umeshika mkononi kiwango cha mkokotoaji. Mstari wa pumba wa nchi hiyo hauna habari yoyote ambayo mstari wa mahindi hauna. Kama jibu linayumba kidogo kila mwaka, kuna uwezekano kwamba mtu fulani alipima. Na likiruka ghafla, labda kutoka 0.2 hadi 0.14 kati ya mwaka mmoja na unaofuata, kisha likatulia hapo, usitafute sababu shambani. Waliobadilika ni wakokotoaji. Pembeni ya kila namba FAO huweka pia herufi: A kwa takwimu rasmi ya nchi, E kwa makadirio, I kwa iliyojazwa kwa hesabu. Watu wengi hufuta safu hiyo wanapopakua. Irudishe.

Nikigeukia mistari yako ya kanda, ule mporomoko wa Ulaya Mashariki sehemu yake kubwa ni mipaka. Hadi 1991 Muungano wa Sovieti wote uliwekwa ndani ya Ulaya Mashariki. Kuanzia 1992 Kazakhstan, Uzbekistan na wenzao walihamia Asia ya Kati, nchi za Baltiki zikaenda Ulaya Kaskazini, na zile za Kaukazi zikaenda Asia Magharibi. Ndiyo maana Asia ya Kati kwako imezaliwa siku moja. Ni kweli pia kwamba mifugo ya nchi hizo ilipungua sana miaka ile ya tisini, lakini huwezi kujua ni kiasi gani mpaka ujumlishe jamhuri zote kumi na tano upya na kuzilinganisha na Sovieti nzima. Mtego mdogo wa namna hiyo uko Ethiopia na Eritrea kuanzia 1993, na Sudan na Sudan Kusini kuanzia 2012. Huu wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa Sudan iko Afrika Kaskazini na Sudan Kusini imewekwa Afrika Mashariki.

Na "Afrika Mashariki" ya chati yako siyo ile ya jumuiya yetu. Ya Umoja wa Mataifa ina Madagaska ndani yake, taifa la wala wali ambalo peke yake lina mpunga mwingi, pamoja na Zambia, Malawi, Zimbabwe na Msumbiji. Kongo, iliyojiunga na jumuiya 2022, haimo. Iko Afrika ya Kati. Kwa swali lenu, achana na kanda hiyo. Jumlisha Tanzania, Kenya na Uganda mwenyewe.

Kuna pia ufa wa mbinu. Mizania ya chakula ya FAO, yaani hesabu ya chakula kinachopatikana na kutumika katika kila nchi, ile ya zamani inaishia 2013, na ile mpya inaanzia 2010. Waliounganisha mbili hizo kwa kubandika mwisho wa moja kwenye mwanzo wa nyingine hupata ngazi ambayo haikuwepo. Miaka ya 2010 hadi 2013 iko pande zote mbili, kwa hiyo itumie kama kiungo: gawa wastani wa mpya kwa wastani wa zamani katika miaka hiyo minne, kisha zidisha mfululizo wote wa zamani kwa jibu hilo. Hautakuwa ukweli kamili, lakini ngazi itaondoka.

Kuhusu China, usivutwe sana na mwinuko wake. Ngano yake ilikuwa takriban tani milioni 14 mwaka 1961 na zaidi ya milioni 137 mwaka 2022, karibu mara kumi. Lakini 1961 China ilikuwa ndani ya njaa kubwa, mojawapo ya mbaya kuliko zote katika historia. Anza 1965, ilipopata kama milioni 25, na ukuaji unashuka kuwa mara tano na nusu. India ilianza na milioni 11 mwaka 1961 bila janga la namna ile, ikafika karibu 107. Kwa hiyo mbio za nchi hizo mbili hubadilika sura kutegemea umepiga filimbi mwaka gani. Mimi sianzi kamwe na mwaka mmoja. Nachukua wastani wa miaka mitano, 1961 hadi 1965, kisha naulinganisha na wastani wa miaka mitano ya karibuni. Na hakikisha hujajumlisha "China" na "China bara" pamoja, kwa sababu ya kwanza imekwisha kuibeba ya pili.

Mwinuko wa Tanzania nao uugawe kwa watu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ni mara tano. Mstari wowote uliopanda mara tano kati ya miaka hiyo miwili, iwe mahindi au pumba, haujaongeza hata kilo moja kwa kila mtu.

Lakini kwa swali la Kenya, kugawa kwa watu hakutoshi. Gawa kwa wanyama wanaokula pumba. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wengi wao ni wa asili, wanaotembea na kuchunga, ambao hawajawahi kulishwa pumba isipokuwa wakati wa shida. Kenya ina ng'ombe wachache kuliko sisi kwa jumla, ila ina wengi zaidi wa maziwa waliofungiwa bandani, na viwanda vyake vya chakula cha mifugo ni vikubwa. Nchi yenye pumba nyingi kwa tani inaweza kuwa na njaa ndogo ya pumba, na yenye chache ikawa na njaa kubwa. Bei hufuata njaa. Mzigo unaovuka Horohoro unafuata mnunuzi aliye tayari kulipa, na mnunuzi huyo anashindana na nyinyi kwa gunia lilelile, hata kama chati inasema mmemzidi. Sitegemei sana takwimu za forodha kukuonyesha ukubwa wa mzigo huo: pumba zina namba yake, 2302, yenye tawi la mahindi, tawi la ngano na tawi la nafaka nyingine, ambamo za mpunga huchanganywa siku hizi na za mtama, lakini kinachovuka kidogo kidogo hakiandikwi popote.

Basi chati yako itumie hivi: mwelekeo wa miongo, ndiyo. Ngano katika nchi zenye vinu vikubwa, ndiyo, kwa uangalifu. Kuamua ghala la Muheza, hapana. Kwa ghala mnahitaji vitu vitatu ambavyo FAO haina: bei ya gunia kwa kila mwezi pale mnaponunua, kiasi kinachopatikana baada ya mavuno ya masika na baada ya vuli, na kiwango cha kweli cha mashine za kwenu. Bei za pumba za ngano zifuatilie peke yake, kwa sababu zinaenda na meli za ngano na thamani ya shilingi, hazijali mvua ya Handeni.

Na msisahau kwamba pumba hazikai kama mahindi. Vile viini vyote vya mafuta ulivyovifinya kiganjani ndivyo vinavyochacha. Pumba za mpunga huanza kunuka mapema, za mahindi huvumilia zaidi, za ngano zaidi ya hizo, na hewa yetu ya pwani yenye unyevu inafupisha muda wa zote. Nunueni zilizo kavu, unyevu usizidi asilimia 12 au 13, ziinulieni mbao chini, ziacheni mbali na ukuta, na zilizoingia kwanza zitoke kwanza. Zilizoota ukungu msimpe ng'ombe anayekamuliwa hata kwa kuchanganya. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye tabaka za nje za punje, yaani kwenye pumba zenyewe, na sehemu yake hupita hadi kwenye maziwa ambayo watoto watakunywa.

Kwa msimu huu, kabla ya kulipia kodi ya mwaka mzima, ombeni wenye mashine watatu au wanne wawaruhusu mweke mizani mlangoni. Andikeni uzito wa mahindi yanayoingia kukobolewa na uzito wa pumba zinazotoka, na pembeni muandike wangapi walichagua dona. Daftari hilo litakuwa na habari ambayo hakuna mtu Roma, makao makuu ya FAO, wala Dodoma anayo. Likishajaa, niandikie kiwango mlichopata, na uniambie pia kama mashine za Korogwe zinatoa tofauti na za Muheza.